Sahihi ya Kumi

Ndugu yangu Wekesa,

Marekebisho yako yamepita leo. Mikono yote ilipanda, pale kanisani Mesaimeer, huku ughaibuni, baada ya ibada ya Ijumaa. Hakuna aliyepiga makofi.

Unakumbuka tulivyoiandika katiba ya chama chetu cha kuzikana, wewe na mimi, chumbani kwangu Abu Hamour? Nilisema tufuate katiba ya nchi yetu. Bunge likitaka kuibadili, muswada husomwa, halafu hungoja siku tisini kabla ya kusomwa tena. Theluthi mbili ya wabunge wote wakubali, na mambo mazito yaende kwa wananchi kwa kura ya maoni. Nasi tukaweka sahihi kumi za kuanzishia, siku tisini za kungoja, na theluthi mbili za kupitishia. Ulicheka. "Mwalimu, wewe hata kifo utakitaka kilete notisi!"

Tukaweka pia kwamba anayekosa mikutano mitatu mfululizo anafutwa. Hatukufikiria kwamba dereva wa nyumbani hana Ijumaa yake. Ulikuwa ukiwapeleka matajiri wako matembezini huku sisi tukiita majina. Nikalifuta jina lako kwa mkono wangu, mimi katibu.

Hukukasirika. Ulileta pendekezo kwa utaratibu: anayezuiwa na kazi asihesabiwe mtoro, na waliofutwa kwa sababu hiyo warudishwe. Lilikuwa na sahihi tisa. Ukanisukumia kalamu. "Ya kumi ni yako, Mwalimu." Nikakwambia katibu anayepokea pendekezo hawezi kulitia sahihi.

Ilikuchukua miezi miwili kumpata mtu wa kumi, mlinzi wa mtaa wa Muaither ambaye zamu zake hazikutani na zako. Siku tisini zikaanza hapo. Matajiri wako wakahama, mkataba wako ukaisha, na moyo wako ukasimama ikiwa imebaki mwezi mmoja.

Mkutano wa dharura ulitaka chama kiusafirishe mwili wako hadi nyumbani. Nilisimama nikasoma kifungu: wanachama pekee. Mama Atieno, yule muuguzi, alinipigia kelele, "Huyu ni Wekesa, Mwalimu, si kifungu!" Nikasoma tena. Michango ya mifukoni haikutosha. Tukakuzika huku, jangwani, watu kumi na wanne, upepo ukitutia mchanga machoni. Mama yako alisikiliza mazishi kwa simu kutoka Webuye. Alikuwa amekwisha kukuchagulia mahali, karibu na baba yako.

Baada ya mazishi niliipekua katiba yote, kifungu kwa kifungu, nikitafuta mahali panapomkataza katibu kutia sahihi. Hapapo. Nilijikataza mwenyewe, kwa sababu nilipenda kuonekana sipendelei rafiki. Ningeshika kalamu yako siku ile, ungekufa ukiwa mwanachama.

Leo watu sita wamerudishwa. Nimeyasoma majina yao kwa sauti. Lako halikuwamo, na hakuna kifungu kitakacholiingiza.

Nimelichukua lile pendekezo la kwanza, nakala uliyoniachia siku ile, yenye mstari wa kumi mtupu chini, nikatia sahihi yangu. Haina nguvu yoyote. Najua.

Likizo yangu ikifika nitakwenda Webuye. Nitampa mama yako karatasi hiyo, nimwambie ni nani aliyeombwa na akakataa. Sitamsomea kifungu chochote.

Lala, ndugu yangu. Mchanga wa watu usikulemee.

Mwalimu