Yaya, Tulikufanya Yoyo

Kwako Yaya Zaina, dada yangu mkubwa, uliyezikwa Wamaza kwa wakwe ambao hukuwapenda,

Nakuandikia nikiwa na kinyaa, na sehemu kubwa ya kinyaa hicho inanihusu mimi mwenyewe.

Unakumbuka yoyo uliyonitengenezea nyuma ya jiko letu hapa Kasongo? Ulichonga vipande viwili vya mti mwepesi kwa kisu cha kumenyea muhogo, ukaviunga kwa msumari, na uzi ukauchomoa kwenye mfuko wa unga. Siku nilipoweza kuirudisha mkononi bila kukosea, nilizunguka kiwanja nikijigamba kwamba yoyo yangu inanipenda, inarudi yenyewe. Ulicheka mpaka ukakaa chini.

"Haina akili, weye mujinga! Ni kidole yako ndiyo inaivuta."

Uliolewa Wamaza. Mume wako akawa anakupiga na kukufukuza, nawe ukawa unafika kwetu na furushi kichwani. Mtaa ukakupa jina: "Zaina? Uyu ni yoyo. Anaenda, anarudi." Watu wazima, wanaotoka msikitini na kanisani, walicheka kana kwamba kwenda na kurudi ni ugonjwa uliozaliwa nao. Hakuna aliyetazama kidole. Hiyo ndiyo kazi ya misemo ya namna hii: inamcheka anayevutwa ili anayevuta ale kwa amani.

Na sisi tulikula kweli. Kila mara wakwe zako walileta mbuzi wa kuomba radhi, na kila mara baba na wajomba walimpokea, wakamchinja, kisha wakakukalisha mbele ya sahani: "Mwanamuke kwake ni kwa bwana. Wamejinyenyekeza, urudie." Mara ya mwisho ulikuwa na mimba, na mkono wa kushoto hukuweza kuuinua. Mimi nilikuwa mtu mzima, mwalimu, msomaji wa vitabu. Nilikula paja. Nikakutafutia pikipiki mimi mwenyewe. Mwezi haukuisha, tukaitwa kuzika.

Juma lililopita binti yako Mwajuma, uliyemwacha mdogo, naye sasa ameolewa hukohuko Wamaza, alifika kwangu mdomo umepasuka. Siku ya tatu wakwe zake wakaja na mbuzi. Usidhani tulikuwa tumejifunza kitu. Shangazi alikuwa ameshaanza kutwanga pilipili!

Nikasimama mlangoni. "Bwana yake iko wapi?"

"Ametutuma siye, mujomba. Iko na kazi kwenye machimbo ya zahabu kule."

"Kwa hiyo mbuzi ndiye ataomba radhi?"

Baba mdogo akanivuta shati. "Mwalimu, usitupatishe haya mbele ya wageni. Pokea!" Nikamjibu kwamba haya tuliipata zamani, tukaila na pilipili.

Kisha nikafanya jambo ambalo kwako hatukulifanya hata mara moja. Nilimwita Mwajuma, nikamwuliza mbele ya wote anataka nini. Shangazi akaacha kutwanga.

"Sirudi," Mwajuma akasema. "Lakini mutoto wangu iko kule. Wamemushika ili nirudi."

Mgeni mmoja akacheka. "Si munaona? Atarudi tu."

Yaya, kicheko kile kilinichefua kwa sababu nakijua. Kimekaa nyumbani mwetu miaka mingi, kikinawa mikono na kusema bismillahi.

Waliondoka na mbuzi wao. Kesho asubuhi mimi na Mwajuma tunaenda Wamaza kumfuata mtoto. Shangazi amekataa kubaki. "Mimi ndiye nitaongea," anasema. "Weye uko na maneno mingi, utatufukuzisha." Wazee wanasema mtoto ni wa baba yake, na pengine tutamkosa safari hii, basi tutakwenda tena, na tena. Lakini tukimpata au tukimkosa, Mwajuma hatabaki kule.

Pumzika. Na usinisamehe upesi.

Mdogo wako