Kwa Nini Dada Ndiye Aoshe Vyombo?

Alief, Houston. Jumapili, Agosti 2006

Joto la leo halina huruma, lakini nimeamka mwepesi. Si kawaida yangu.

Jana baada ya kazi Marites, muuguzi Mfilipino ninayefanya naye kazi, alinialika kwake tutazame filamu ya kwao. Dada mkubwa anarudi kutoka ng'ambo kumzika baba. Begi hajafungua, tayari yuko jikoni. Kaka zake wako sebuleni wanangoja chakula. Mama anamwambia sasa yeye ndiye nguzo ya nyumba. Mwishowe dada anapasuka, anasema yote yaliyomkaa moyoni. Wanalia, wanakumbatiana.

Kisha anaosha vyombo.

Marites alikuwa anafuta machozi. Mimi nilikasirika.

"Mbona hakuna kaka hata mmoja aliyeshika sahani?"

"Kwetu ndivyo," akasema, akacheka kidogo.

Na kwetu Mombasa je? Mimi ndiye kifungua mimba. Naishi na mdogo wangu Salim, kijana mzima, mwanafunzi wa chuo. Narudi kutoka shifti miguu inawaka moto, namkuta anatazama mpira, naingia jikoni. Sijawahi kujiuliza kwa nini.

Juzi nilipata nafasi ya kusomea uuguzi Dallas, nisiwe msaidizi wa wauguzi tu maisha yangu yote. Mama aliposikia, akaniambia niikatae. Filamu ile ilinifanya nione vile nitakavyokuwa nikimtii.

Leo mchana nimempigia.

"Mama, nimeamua. Naenda Dallas."

"Na Salim atapikiwa na nani?"

"Salim ana mikono, mama."

  Sikuomba radhi.

"Mpe simu nduguyo," mama akasema.

Nikadhani anamtuma anizuie. Salim alisikiliza, akaitika "Naam, mama" mara kadhaa, akaniangalia kama mtu aliyeonewa. Halafu akaelekea jikoni, simu sikioni.

"Mchele naosha mara ngapi?" nikamsikia akiuliza.

Wali umetoka bokoboko. Tumeula hivyo hivyo, na nimerudia.

Mama hajatamka kwamba amekubali, na huenda asitamke kamwe. Nampenda, na naenda.

Asubuhi naanza kufunga mizigo.