Shimo la mlango wa kamioneti

Mujukuu wangu Zaina,

Pokea salamu huko Bukavu. Sisi huku Kasongo tuko wazima; goti la bibi yako limepoa, na tangu juzi anaenda shamba.

Unauliza utie mastiki gani ya kuziba shimo kwenye mlango wa ile gari ya zamani. Ya nyuzi inajaza shimo, ile laini inamalizia juu. Lakini mimi, wakati niko kijana, nilijua hayo yote na bado nilikosea.

Nilikuwa natengeneza kamioneti, gari ndogo ya mizigo, ya Mzee Saidi, mufanyabiashara wa hapa. Chini ya mlango kulikuwa na kutu. Sikuikata. Nilijaza mastiki nene kama fufu ya muhogo, nikapiga msasa, nikapaka rangi, ikang'aa. Mzee hakuangalia rangi. Aligonga mlango kwa pete yake, toka juu mpaka chini. Juu bati lililia. Chini likanyamaza.

"Hapa umezika mutu," akasema. "Mashimo ya barabara ya Salamabila yatamufufua."

Nilingoja anifukuze. Akaketi kwenye benchi. "Kata. Mimi niko hapa."

Nikakata kutu, na shimo likazidi kukua mpaka nikamuangalia Mzee kwenye benchi. Halafu likafika penye bati zima, likaacha kukua. Hapo nikachomelea kiraka, na mastiki niliyotia juu yake ilikuwa nyembamba kama ukucha.

Kwa hiyo gonga kwanza, mama. Na ukikata, usiogope shimo likikua. Linatafuta bati zima.

Babu yako anayekungojea uje na gari hiyo,
Ramazani