Uyoga wa Trekta na Kimya cha Mize

Mdogo wangu Mize,

Asalaam alaykum. Kabla hujaendelea, kakae karibu na mama umpe shikamoo yangu, halafu umsomee pole pole, maana wewe ukisoma barua unakwenda mbio kama unafukuzwa. Mimi ni mzima. Ile homa niliyowaandikia imekwisha, nakula vizuri, na mbu wa kambini wananila mimi. Hapa ndipo watu huandika kwamba hofu yao ni juu ya walio nyumbani. Safari hii hofu iko kwangu, kwa sababu mnaningoja harusini kwako nami sitaweza kuja. Nimelisema mapema ili msisome huku mnapiga hesabu ya boti.

Sababu ni trekta. Mama asicheke, anisikilize kwanza.

Tangu shamba hili la mkonge lilipotoka serikalini likauzwa kwa tajiri mpya, mambo yamegeuka. Wengi walipunguzwa kazi, wakarudi kwao Handeni na Lushoto na magodoro kichwani, na sisi tuliobaki tukaambiwa tujifunze upya. Lililoniangukia mimi ni trekta linalojishika usukani lenyewe. Sitanii. Juu ya paa lake, katikati kabisa, kuna kitu cheupe cha mviringo ambacho sisi tunakiita uyoga. Uyoga huo unasikiliza setilaiti za angani, nazo zinauambia trekta liko wapi. Mimi naonyesha mstari unapoanzia na unapoishia, nabonyeza kitufe, naachia. Usukani unajizungusha peke yake mbele ya macho yangu. Siku ya kwanza nilisoma Ayatul Kursi yote mikono ikiwa juu. Sasa nimezoea, kazi yangu ni kugeuza trekta mwisho wa shamba na kutazama kioo kidogo chenye taa. Taa ikiwa ya kijani mambo ni sawa, ikiwa nyekundu nisimame.

Trekta hili ndilo linalochora mistari ya kupandia mkonge. Mistari inatakiwa iachane sawasawa, ili mkonge ukikua trekta la palizi lipite katikati bila kuukata. Tunaliendesha watu wawili kwa zamu, mimi na Mhina, Mbondei mmoja mcheshi asiyejua kukasirika. Ananiita mbuya, yaani rafiki kwa lugha ya kwao, na mkewe ana mimba ya kwanza, kwa hiyo habari za kambi nzima siku hizi ni tumbo la mke wa Mhina.

Basi siku moja meneja alisimama kichwani mwa shamba, akatazama kazi yetu, akaniita. "Faki," akasema, "hii ni mistari au ni meno ya kizee?" Nikaangalia. Mistari miwili imebanana, halafu pengo, miwili imebanana, halafu pengo, hivyo hivyo hadi upeo wa macho. Nami wiki nzima nilikuwa nimekaa mle ndani natazama taa ya kijani, nimeridhika kama bwana harusi.

Meneja alisimamisha upandaji. Miche ilikwisha kung'olewa kitaluni na mawingu yameanza kujikusanya upande wa milima ya Amani, kwa hiyo akasema hakuna mtu wa kuondoka shambani mpaka mistari inyooke. Nikamkumbusha likizo yangu ya harusi. Akasema hajaninyima, lakini trekta kwanza.

Tukaanza kutafuta ugonjwa. Mhina akapanda juu akauosha uyoga kwa sabuni. Mimi nikafuata waya kutoka paani mpaka chini ya kiti, nikabadilisha fyuzi ambazo hazikuwa na kosa. Tukapima upepo wa tairi, tukatoa hewa kwenye mabomba ya mafuta ya usukani, nikarudi kambini nanuka kama taa ya chemni. Mistari ikabaki vile vile. Mnyapara wetu wa tangu enzi za zamani akasema ardhi hii ina wenyewe, hawakuombwa ruhusa, wachomewe ubani. Meneja akajibu kwamba ubani uchomwe, ila na fundi apigiwe simu.

Fundi aliyelifungia trekta hili uyoga yuko Afrika Kusini, na simu hapa inashika mahali pamoja tu, juu ya kichuguu. Kwa hiyo meneja alisimama kichuguuni anapiga kelele kwa Kiingereza, Mhina yuko chini anatafsiri kwa mikono, mimi ndani ya trekta natii. Tuliambiwa tuchomeke kigingi ardhini, usawa wa katikati ya trekta, twende hadi mwisho, tugeuze, turudi juu ya mstari ule ule, tuone kigingi kiko wapi. Tulipokwenda kuelekea milimani kigingi kilikuwa katikati. Tuliporudi kuelekea baharini kilikuwa pembeni, karibu na tairi.

Fundi akauliza kama uyoga uko katikati ya paa. Nikapanda kutazama. Wallahi ulikuwa ukingoni, umekazwa nati zake zote vizuri, kama umezaliwa pale.

"Ah, huo?" Mhina akasema kutoka chini. "Mbona niliuhamisha mie. Siku ile nimekipakia paani kitanda cha mke wangu kwenda nyumba mpya. Ulikuwa unakizuia."

"Uliuosha kwa mkono wako, Mhina. Mbona hukusema?"

"Mbuya, hakuna aliyeniuliza. Na taa ilikuwa kijani."

Ndiyo ilivyokuwa, mama. Kazi ya trekta ni kuupitisha uyoga juu ya mstari, nalo lilikuwa linaupitisha bila kosa. Likienda, mwili wake unaning'inia upande huu, likirudi, unaning'inia upande ule. Halikulalamika kwa sababu kwa hesabu zake hakukuwa na la kulalamikia. Meneja alishuka kichuguuni akakaa juu ya tairi akacheka mpaka simu ikamdondoka. Alipomaliza kucheka akatuamuru tufute kila kitu tuanze upya, mimi na Mhina, mpaka mvua. Mhina hakumfukuza. Nadhani ni lile tumbo la mkewe. Uyoga tumeurudisha katikati, mistari sasa imenyooka, lakini shamba ni kubwa na Ijumaa mliyoipanga itanikuta hapa hapa.

Harusi ilikwisha sogezwa mara moja kwa homa yangu, na upande wa bwana harusi hawatangoja tena, nawaelewa. Najua tangu baba afariki mimi ndiye walii wa Mize, na bila neno langu haozwi. Kuhusu Ami Kombo kusimama mahali pangu kama alivyoshauri, mwambieni karatasi yangu ikiwa tayari itamfikia.

Nisalimie Ami na watu wote wa nyumbani kwake. Msalimie bibi, mwambie tumbaku anayoipenda nimempa yule mama wa kwetu anayekaa mtaa wa Nguvumali, ambaye ndiye anayevuka na barua hii. Msalimie mwalimu wangu wa chuo, mwambie viboko vyake vilifaa, Ayatul Kursi sijaisahau. Hamad, mchumba, naye apewe salamu. Mama, niombee dua, na usibebe maji mwenyewe.

Mpaka hapa ndipo pa kusomewa mama.

Mize, jani hili la pili ni lako peke yako. Wakikuuliza nimeandika nini, sema nauliza bei ya kanga.

Barua ya Ami ilisema Hamad ni kijana mwema, haachi sala, baba yake ana mikarafuu. Barua ya mama ilisema nyumba yao ina bati na kisima kiko uani. Barua ya bibi ilisema anataka kuona kitukuu kabla hajafa. Barua zote hizo zimeandikwa kwa mkono wako, kwa sababu wewe ndiye mwandishi wa nyumba nzima, na ndani yake hakuna neno lako hata moja. Nilimwuliza Ami. Akanijibu, na jibu uliliandika wewe: "Aliulizwa akanyamaza, na kimya cha mwari ndiyo ridhaa."

Ni kweli, dini imesema hivyo. Lakini yule anayeuliza huwa yupo, anauona uso. Mimi nakijua kimya chako. Kipo kile cha kanga mdomoni, unachekea puani, hicho hata kipofu anakifahamu. Na kipo kingine. Siku baba alipokutoa shule hukusema kitu. Ulichukua ungo ukapepeta mchele uliokwisha pepetwa, ukaupepeta mpaka jioni, na sote tukasema mtoto huyu mtiifu. Mimi pia nilisema. Mpaka leo nikiukumbuka mlio wa ungo ule sipati raha.

Sasa niko mbali, siwezi kutazama mikono yako ina nini. Karatasi haisikii kimya.

Ndani ya bahasha kuna kijikaratasi kilichokunjwa. Ndio uwakala wa Ami, wa kukuoza kwa niaba yangu, nimeuandika mbele ya shekhe wa hapa, na mashahidi wameshuhudia. Sikumpelekea Ami, nimekupelekea wewe. Kama Hamad umemridhia, mpe Ami kwa mkono wako mwenyewe. Hapo nitajua, nami siku hiyo nitampikisha mke wa Mhina pilau tule kambi nzima kwa jina lako. Kama hukumridhia, kiwashie jiko. Pasipo hicho hakuna wa kukuoza, si Ami wala kadhi. Watakuja juu, uwaambie Faki hajaleta, Faki ni mkaidi, Faki kaharibiwa na bara. Lawama zote zitupie huku. Zitachoka kabla hazijavuka bahari.

Usihofu kunivunja moyo, kwa lolote utakalofanya. Wengine walikwambia. Mimi nakuuliza.

Kaka yako,
Faki