Vilele Vitatu vya Kopo la Chakula

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na kabla ya yote nakusihi neno hata moja lisitoke na jina langu, maana ofisini kwetu kuta zina masikio na bibi wa mapokezi ana mawili zaidi. Mimi ni karani wa maabara, kazi yangu kubandika lebo na kutunza sampuli, na bosi wetu, Daktari, hutafuta dawa kwenye magome ya miti: anachuja, anatenga kitu kimoja, kisha mashine inamchorea mistari yenye vilele, naye kwa vilele hivyo anajua chembe ipi imeshikana na ipi. Sasa miezi miwili iliyopita kichupa cha glasi kilinipasukia mkononi, nikaogopa, nikaimimina sampuli kwenye kopo langu la plastiki la chakula, nililiosha jamani, kesho yake nikaihamishia kichupa kipya bila kumwambia mtu, na tangu hapo vimezuka vilele vitatu visivyoelezeka. Daktari anatamba kama bwana harusi! "Karani wangu, kitu hiki hakijawahi kuonekana duniani!" Mkewe anasema hata mezani anachora pembesita za chembe zake kwa kijiko kwenye mchuzi. Ijumaa anapeleka makala jaridani, na kwa kuwa lebo zangu ni nadhifu, anataka kukipa kitu hicho jina langu. Mshauri, kopo limelainika chini, limekuwa jeupe. Nami bado niko kwenye kipindi cha majaribio kazini. Usinijibu ofisini, mwachie jibu shangazi yangu, fundi cherehani mkabala na posta, useme ni vipimo vya gauni.

Karani mwoga

*

Mwanangu, pole, ila niache nicheke kwanza. Kila kitu umekibandika lebo, isipokuwa kosa lako! Unaogopa kufukuzwa, je, Daktari akisimama mbele ya wenzake, mmoja akamwuliza, "Mzee, hii si plastiki?" Na plastiki yenyewe ina jina lako. Mficha maradhi, kilio humfichua.

Kesho asubuhi, kabla hajavaa koti, mpelekee kopo mkononi. Usizunguke. Sema: "Daktari, sampuli ililala humu." Mwombe atie humo kiyeyushi kitupu, kile kimiminika anachoyeyushia sampuli, bila gome hata chembe, akilaze siku moja, kisha akipime. Vilele vitatu vikitokea, vimempata baba yao. Magome yaliyobaki unajua yako rafu gani. Mtaanza upya, safari hii kwa glasi. Atafoka. Mwache afoke, bora leo chumbani kuliko Ijumaa jaridani.

Vipimo vya gauni sileti. Shangazi yako nimemwachia barua hii na namba yangu ya simu. Napokea saa nne hadi saa sita. Nipigie ukitoka kwa Daktari, si kabla.