Ufa Chini ya Rangi

Jumatano, 5 Machi
Leo tena kukata chuma. Trekta ya Mwalimu Kemunto ni ile ndogo ya bustani, haikuja na mikono ya nyuma ya kubebea plau. Mzee Mokua, mwenye karakana, ameniachia kazi yote: mikono miwili ya chini, mmoja wa juu, na vishikio vya kuifunga kwenye chesisi ya trekta. Mgongo unauma. Hapa Keumbu mvua kila alasiri. Kwetu Mwingi bado wanatazama mawingu.

Alhamisi, 6 Machi
Mkono wa juu umekaa. Kishikio cha kulia pia. Ogeto, shemeji wa Mwalimu, ndiye atakayeendesha. Alikuja kukagua. "Mkamba, umeshona chuma kama suti ya harusi!" Nilicheka. Sijacheka hivyo tangu nitoke nyumbani.

Ijumaa, 7 Machi
Mzee ni Msabato. Mwalimu pia. Jua likizama Ijumaa, hapa hakuchomelewi kitu mpaka Jumapili, na Mwalimu anataka kulima Jumapili asubuhi. Saa kumi na mbili kishikio cha kushoto kilikuwa bado chekundu kwa moto. Mzee amesimama na kufuli mkononi. "Haraka, kijana wangu, Sabato haingoji fundi." Rangi haishiki chuma cha moto. Nikakimwagia maji. Najua haifai. Chuma kikalia, ti. Nikaona ufa, mwembamba kama unywele. Nikapaka rangi juu yake. Mzee akanipiga bega, akasema kazi nzuri.

Jumamosi, 8 Machi
Karakana imefungwa. Nimelala nikisikia kwaya ya kanisani kwao. Wanaimba vizuri. Ningeweza kumngoja Mzee mlangoni nimwambie. Sikwenda. Naogopa kufukuzwa. Sababu ni hiyo tu.

Jumapili, 9 Machi
Ogeto alichukua trekta saa moja. Mimi mwenyewe nilimfungia plau. Kidole changu kilipita juu ya ufa. Nikakaza boliti, nikamwachia aende.

Saa sita habari ikafika. Kwenye mteremko kishikio kilikatika, plau ikachimba upande mmoja, trekta ikalala kwenye migomba. Ogeto aliruka. Mkono wake wa kulia umevunjika. Hapa karakanani wanasema alikata kona kama mlevi. Ogeto hajawahi kuonja pombe. Nimewasikia, sikufungua mdomo.

Jumatatu, 10 Machi
Nimesema. Kwanza kwa Mzee. Aligeuza kile kipande kilichovunjika, akakitazama sana. "Ungeniambia Ijumaa, trekta ingelala hapa hata wiki." Hilo limeniumiza kuliko tusi. Kisha akaniambia nikusanye vitu vyangu.

Nikaenda kwa Mwalimu, upande wa Nyamira. Ogeto alikuwa ameketi mlangoni, plasta mpaka juu ya kiwiko. Nikasema niliuona ufa, nikaufunika. Mwalimu hakunikaribisha kiti. Akaingia ndani. Ogeto aliuliza swali moja tu. "Na chai yangu itachumwa na nani?"

Jumatano, 12 Machi
Siku ya pili kwenye chai ya Ogeto. Huchumwa majani mawili na kichipukizi tu. Mimi nang'oa mpaka vijiti. Yeye hukaa ukingoni, ananionyesha kwa kidevu. Hanitanii tena. Leo kikapu kimejaa saa nane. Kituo cha kupimia majani kiko mbali, juu ya mlima. Nilipoinama kukiinua, alisimama, akashika upande mmoja kwa mkono wake wa kushoto. Tumepanda hivyo mpaka juu.