Siku Nane za Kucheka

Jumapili, 2 Bhadra

Dil Krishna kapiga simu asubuhi, hata uso sijanawa. Mhariri gani huyu hana salamu! Anataka katuni ya toleo la Gaijatra, imfikie kabla ya saa sita. Nimchore mwenyekiti wa kata anakula matofali. Yale matofali ya ukuta wa bwawa, ambayo shoga yangu Kesari muuza mtindi anauliza kila mkutano yameenda wapi. Nikamuuliza, mwenyekiti yupi? Akasema yeyote tu dada, we chora.

Yeyote! Mimi kata ninayoijua ni moja. Nikachora tumbo, nikachora sahani, matofali yamepangwa juu yake na pilipili pembeni. Uso ukaja wenyewe — masikio yale, kidevu kile, jino la dhahabu. Mwenyekiti wetu Tulsi Narayan kabisa! Ukoo wa marehemu mume wangu wanapaka rangi vinyago vya miungu tangu babu wa mababu, na mimi nimepaka nao miaka thelathini. Darasa la nne ndiyo mwisho wangu, ila uso nikiuona mara moja siusahau. Nilicheka peke yangu mpaka Rojina akatoka chumbani kuuliza mama una nini.

Nikamwonyesha. Hakucheka. Kasema, mama, na barua yangu?

Barua ya kata. Shule ya Japani inaitaka ifike Ijumaa ya tarehe 14, ina saini ya mwenyekiti na muhuri, la sivyo nafasi anapewa mtoto wa mtu mwingine. Nikamwambia, mwanangu, hii ni Gaijatra. Waliofiwa wanafanya misafara ya kuwakumbuka marehemu wao, sisi wengine tunawacheka wakubwa. Kathmandu wanacheka siku moja, sisi Bhaktapur siku nane, hata mwaka mwezi ukiiba moja kama huu, mpaka Ashtami, siku aliyozaliwa mungu Krishna. Hata wafalme walichekwa na wakavumilia. Atakayenuna ndiye mwizi!

Nikapiga picha, nikatuma. Dil Krishna akajibu: punguza meno, ongeza tofali moja. Nikaongeza mawili.

Jumanne, 4 Bhadra. Gaijatra

Gazeti limetoka! Na watu wamemjua wote, hata kikongwe wa jirani ambaye hanijui mimi. Kesari kalitandika mbele ya vyungu vyake vya mtindi, kila mteja anaonyeshwa kwanza ndipo apimiwe. Anasema leo ameuza mpaka mtindi wa kesho.

Misafara inapita, vijiti vinagonganishwa, ngoma juu ya ngoma. Mara naona watu wanapisha. Tulsi Narayan mwenyewe, shada la maua shingoni, nakala kumi za gazeti kwapani. Nikatafuta pa kujificha nyuma ya Kesari, na Kesari alivyo mwembamba!

Akaja moja kwa moja. Akanishika bega, akaita watu wapige picha. Kasema, "Shemeji, umenipatia. Hata jino hukulisahau." Ananiita shemeji kwa sababu alipiga ngoma na marehemu. Watu wakapiga makofi, naye anacheka, ha ha ha, tumbo linaruka.

Mimi kazi yangu ni nyuso. Mtu akicheka kweli, ngozi chini ya jicho hujikunja. Ya kwake imenyooka kama shuka iliyopigwa pasi.

Nikaona afadhali niseme sasa hivi watu wapo. Nikamkumbusha fomu ya barua ya Rojina iko ofisini kwake. Kasema haraka ya nini, siku hizi nane tucheke. Ashtami ikipita njoo tuzungumze.

Tuzungumze nini? Barua inaandikwa, haizungumzwi.

Jumatano, 5 Bhadra

Nimewauliza watu kama wanane maana ya "tuzungumze". Kila mmoja na yake. Kesari anasema mtu yule ni mwoga, asinitishe. Sawa, lakini Kesari hana mtoto wa kwenda Japani.

Nimempigia Dil Krishna. Kumbe mwenyekiti ameshamtembelea, wamekunywa chai. Kaulizwa wazo lilikuwa la nani. Nikamuuliza, nawe ukasema la nani? Akakohoa. Akasema gazeti halina mchoraji wa kuajiriwa, wachoraji wa nje huleta wanacholeta.

Wanacholeta! Tofali lilikuwa la nani, punguza meno alisema nani? Lakini nitamshika wapi? Sina mkataba, sina kitambulisho, hata jina langu hukosea kuliandika. Sisi wachoraji wa kuitwa ndivyo tulivyo. Sifa tunagawana, lawama unabeba peke yako.

Ijumaa, 7 Bhadra

Nimeshindwa kungoja. Nimekwenda ofisi ya kata, nimejisingizia naulizia mambo ya mfereji wa maji machafu.

Katuni yangu iko ukutani. Ina fremu na kioo! Juu ya kiti chake hasa, kwa hiyo ukiongea naye unawaona wawili, mmoja anakula matofali, mwingine anakutazama. Karani kaniletea chai bila kuulizwa. Miaka yote ninayokwenda pale sijawahi kupewa hata maji.

Wenzangu wanapewa barua zao. Muhuri ta, ta, ta. Mama mmoja alikuja baada yangu akaondoka na yake.

Fomu ya Rojina nimeiona. Picha yake ile ya kusuka nywele iko kona ya meza, na juu yake wameweka tofali ili feni isipeperushe. Tofali zima. Jipya.

Chai niliimaliza yote. Sijui ilikuwa na sukari au haikuwa nayo.

Jumamosi, 8 Bhadra

Mvua. Nina kazi ya kitabu cha watoto, kuku na vifaranga kurasa sita. Nimechora kuku wanne, wote wanaonekana wanakimbia. Hadithi yenyewe inasema wamelala.

Rojina kauliza kama nilipita kata. Nikasema karani anaumwa.

Jumatatu, 10 Bhadra. Ashtami

Leo ndiyo mwisho wa kucheka. Tumepanga foleni kwenye hekalu la Krishna tangu alfajiri, wanawake tupu, na umbea mtamu kweli kweli — sitauandika wote, kurasa hazitoshi. Ila binti wa mfinyanzi, si nyota zilizomzuia kuolewa, nasema hivyo tu!

Kesari alikuwa mbele. Ananipungia, Hera, Hera, njoo nimekushikia nafasi. Nikajifanya sisikii. Nikabaki nyuma na watu nisiowajua, kwa sababu karani wa kata alikuwa amesimama kwenye ngazi akitazama watu.

Kesari hajanikosea kitu. Juzi tu kasema atanisindikiza kesho, aingie nami, amuulize mwenyekiti mbele ya macho yangu anasubiri nini. Nilimwambia asijisumbue. Nilisema kwa upole.

Nimemwomba Krishna muhuri. Sikuomba kingine.

Jumanne, 11 Bhadra

Nimerudi. 

Fremu imeondolewa. Ukutani msumari tu, na alama nyeupe kama kidonda kilichobanduliwa plasta. Mwenyekiti kaniambia keti. Kafunga mlango mwenyewe. Nikawaza, sasa ananitukana, au ananishtaki, au nyumba yangu itakutwa imejengwa kwenye njia ya maji.

Wala. Sauti ya upole. Kaniuliza hali ya mgongo wangu. Kasema marehemu alikuwa na mkono mzuri lakini wangu umempita. Kata nzima haina mtu wa kuchora uso mtu akajulikana hivyo. Akasogeza tofali, akatoa fomu ya Rojina, akaweka saini pale pale mbele yangu. Saini ndefu, ya kupinda. Nikataka kumshika miguu!

Kisha akafungua droo, akaniwekea picha juu ya meza. Kesari. Imepigwa sokoni kwa mbali, ameinama kwenye vyungu, hajui kama anapigwa picha.

Kata inatengeneza bango la usafi wa vyakula, kasema. Litabandikwa sokoni, bwawani, kwenye mlango wa shule. Muuza mtindi mchafu. Anakoroga kwa mkono alionawia miguu, nzi juu ya chungu, watoto wanashika matumbo.

Nikasema Kesari ni msafi kuliko mimi. Vyungu vyake anavikausha juani, mtindi wake wanaula hata makuhani.

"Sijasema Kesari. Bango halina jina. Nataka watu wamjue tu, kama walivyonijua mimi."

Nikasema, "Lakini siku za utani zimekwisha, Mwenyekiti."

"Ndiyo maana nakupa kazi, shemeji. Sikupi utani."

Muhuri ulikuwa karibu na kiwiko chake. Akauchukua, akautia kwenye droo pamoja na barua, akageuza ufunguo. Akanipa karatasi kubwa, Alhamisi niende na bango. Alhamisi naondoka na barua. Akanifungulia mlango, akashuka nami ngazi mbili kunisindikiza, karani akasimama. Heshima tupu.

Njiani nilikuwa nahesabu. Mtu akichekwa anakula matofali, kesho anakula wali kama kawaida. Muuza mtindi akisemwa mchafu, anakula nini? Na mwezi ujao kwenye mkutano nani atauliza ya bwawa?

Nimemwambia Rojina saini imepatikana. Kanirukia shingoni. Mtoto mzito!

Jumatano, 12 Bhadra

Kesari kaja asubuhi na chungu kidogo cha mtindi. Kauliza yule mtu kasemaje. Nikasema ametia saini, bado muhuri tu. Kafurahi, kasema si nilikwambia mwoga yule! Hakutaka kulipwa. Kasema wa safari ya Rojina huo.

Nimekula. Ungefikiri mtindi ungenikwama. Haukukwama.

Rojina yuko nje, anawaaga watu ambao bado hawaachi. Nimetandika karatasi kubwa ile ya kata, nzito, nzuri, sijawahi kununua karatasi kama hii. Nilisema nitachora vyungu tu. Vyungu si mtu. Halafu nzi, nzi ni rahisi, nukta na mabawa. Halafu mwanamke yeyote, mnene, uso mviringo, asiyefanana na mtu. Nikamchora kwa penseli. Nikamtazama. Yule mwenyekiti si mjinga, atanirudishia.

Nikamfuta.

Nikajaribu mgongo tu. Jinsi ya kuinama. Nikatia wino. Kesari anainama kwa upande, bega la kushoto linatangulia, kwa sababu aliwahi kuanguka na vyungu tukiwa wasichana na mimi ndiye niliyemwinua. Soko zima hakuna anayeinama hivyo. Sikupanga. Hata uso hana bado, na ni yeye.

Sasa naita nini hii? Bado naweza kuichana. Naweza kwenda kesho mikono mitupu niseme mkono unauma. Ijumaa ni keshokutwa.

Kuna mtu anaita chini. "Hera! Upo juu?" Ni yeye. Kesari hajawahi kungoja kukaribishwa, nasikia viatu anavivua mlangoni. Anapanda. Karatasi imejaa meza yote, na wino haujakauka, nikiigeuza inaharibika, nisipoigeuza anajiona